Simu Ndani ya Kiondo

Vita vilipoingia Bukavu, mjini kwetu, mimi nilikuwa ugenini, katika mji mdogo wa Bahati, nimepiga magoti nyuma ya mtambo wa kupoza maziwa. Habari niliisikia kwenye redio ya mlinzi. Mama yangu anaishi kule peke yake. Nilimpigia pale pale. Hakupatikana.

"Fundi, Kongo si ni kubwa?" karani wa maziwa akanifariji. "Labda vita ziko upande ule mwingine."

"Ziko mtaani kwetu."

"Ai, pole sana. Na hii mashine itapoza lini?"

Kazi hii nilijifunza vitabuni. Mtambo ukikataa, nafuata waya mpaka nijue umeme umekatikia wapi. Kwa mama sikuwa na waya wa kufuata. Nilibaki kupiga simu na kubeba yangu kila mahali, hata chooni.

Jumapili, jumuia ya kanisa ikaja kwangu na sukari, mikate na unga, kama watu wanaokwenda matangani.

"Mama hajafa," nikawaambia mlangoni.

"Nani amesema amekufa?" mwenyekiti wetu akajibu. Ni mama mfugaji, jirani yangu. "Tumekuja kukaa na wewe. Tupishe tuingie."

Katika jumuia yetu, kabla ya maombi simu zote huzimwa na kuwekwa ndani ya kiondo cha mwenyekiti. Kilipofika kwangu nilisita.

"Yangu iache, mama. Nangoja simu."

"Fundi, tunaongea na Mungu. Yeye hana shida ya netiweki."

Watu wakacheka. Mimi ndiye mgeni mtaani kwao, na walikuwa wamekuja kwa ajili yangu. Nikaiondolea sauti, nikaitia kiondoni bila kuizima.

Waliomba kwa zamu. Walimwombea mama, kisha Kongo yote, kisha mvua, mitihani ya watoto, na ng'ombe mmoja wa Subukia aliyekataa kushika mimba. Nilifumba macho huku nimeuma meno.

Kiondo kiliporudi, simu yangu ilionyesha namba ya mama. Alikuwa amepiga mara mbili. Nikapiga. Hakupatikana.

"Si unaona!" mwenyekiti akapiga makofi. "Tumejibiwa! Mama yako yuko hai!"

"Hiyo ni simu yake. Sijui iko mkononi mwa nani."

Makofi yakaisha. Wengine wakaaga mmoja mmoja, wakasema ni saa ya kukamua. Mwenyekiti hakuinuka. Kiondo chake kitupu kilikuwa mapajani.

"Nenda nyumbani, mama. Ng'ombe wako wanakungoja."

"Wacha wangoje."

Sikutaka anione nikilia, wala sikutaka kumsamehe. Niliongeza sauti ya simu hadi mwisho, nikaiweka mezani kati yetu, kando ya mikate. Kisha nikammiminia chai. Hakuigusa. Alikuwa anaitazama simu.