Kumpita Baba Njiani

Sisi hatukuanza mazoezi kwa ajili ya afya, nisije nikawadanganya. Tulianza kwa sababu baba yangu aliitiwa mwizi.

Ilikuwa mwishoni mwa Juni, baridi ya Songea imeshatuingia mifupani, ile ya kuamka unaona pumzi yako inatoka mdomoni kama moshi. Baba alikuwa mpakiaji kwenye ghala la tumbaku la shirika la umma, tangu kabla sijazaliwa, na shirika sasa lilikuwa limepata mwekezaji. Getini likabandikwa tangazo: mwisho wa Julai wafanyakazi wote wa ghalani watapimwa nguvu. Kila mmoja atabeba robota la tumbaku kutoka mlangoni mpaka kwenye lori, kisha atazunguka uwanja mara tatu kwa kukimbia. Atakayeshindwa atapunguzwa. Eti kupunguzwa! Miaka ile watu wazima wenye wake na watoto walikuwa wanapunguzwa kama sketi iliyozidi urefu.

Basi baba akaamua kujifua. Siku ya kwanza alitoka alfajiri peke yake, mtaa wetu wa Bombambili bado umejaa ukungu. Hakufika mbali. Mtu mzima anayekimbia peke yake saa ile anakimbia nini kama hajaiba? Mama mmoja aliyekuwa anafagia uwanja wake akapiga ukelele, vijana wakatoka na fimbo, mbwa wametangulia. Baba alirudi nyumbani suruali imechanika gotini, na nyuma yake wale vijana wanaomba radhi: "Tusamehe mzee, hatukukutambua." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka hata kidogo.

"Kesho tunakwenda wote," mama akasema akifuta machozi. "Hakuna mwizi anayeiba na mke na watoto."

Ndiyo ikawa kila siku. Kabla jua halijatoka, mama anatuvuta blanketi, mimi na mdogo wangu wa kike aliyekuwa darasa la tatu. Mimi nilikuwa la saba. Tulivaa masweta ya mtumba, maana mitumba ilikuwa imefurika Majengo na kila mtu alikuwa na sweta. La baba lilikuwa jekundu, kifuani lina picha ya mnyama mwenye pembe kama matawi ambaye hakuna mtu nyumbani aliyejua jina lake. Tunatoka, tunashika barabara ya Majengo, tunapanda kilima, tunageuka, tunarudi.

Na tulikimbia kwa mstari. Baba mbele, mama nyuma yake, halafu mimi, halafu mdogo wangu. Hakuna aliyepanga. Kwetu mtoto hampiti baba yake njiani hivi hivi. Ukiwa na haraka unasema, "Baba, naomba nipite," unasubiri akuruhusu, kisha unapita pembeni umeinama kidogo. Sasa utaomba njia kwenye mazoezi? Tukabaki nyuma yake, tunatazama mgongo wa sweta jekundu.

Mimi ni mtu wa hasira, sijifichi, na hasira yangu ilianzia hapo. Nilikuwa na mbio. Shuleni nilikuwa nawaacha hata wavulana. Lakini baba alikuwa anakwenda kama amebeba mtungi kichwani, na sisi wote tunajikokota nyuma yake huku vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Majirani walitungoja mlangoni na vikombe vyao vya chai. "Vipi, mwizi mmeshamkamata?" Kila siku utani ule ule. Mdogo wangu anacheka, mimi nauma meno.

Kilichonikera zaidi ni salamu. Baba yangu hakuwa msemaji. Nyumbani ukipata maneno kumi kwake kwa siku, umebarikiwa. Lakini kwenye mazoezi akawa bingwa wa salamu. Akitokea bibi na jembe lake, baba anasimama. "Shikamoo mama." Kisha habari za nyumbani, za shamba, za mbuzi, za mjukuu aliyeoa Namtumbo. Baridi inatukata masikio, na yeye anauliza habari za mbuzi! Wasipotokea wazee anainama kufunga kamba za raba. Kamba gani hizo zinafunguka mara tano kwenye kilima kimoja?

"Mama, hivi baba anajifua au anafanya kampeni?" niliuliza siku moja kwa sauti ya chini.

"Funga mdomo, kimbia," mama akanijibu bila kugeuka.

Siku zikasogea. Wiki moja kabla ya kupimwa, tulikuwa tunapanda kilima, hakuna mzee njiani. Baba alipunguza mwendo mpaka ikawa tunatembea. Nikawaza: huyu Jumatatu ataaibika mbele ya wenzake, atapunguzwa, na sekondari yangu itaishia hapo. Hasira ikanipanda. Sikuomba njia wala sikuinama. Nilimpita mama, nikampita baba, nikakimbia mpaka juu. Nyuma nikamsikia mama anasema, "We mtoto!"

Nikageuka kwa kiburi, nimeshika kiuno, nimtazame.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona baba usoni akiwa anakimbia. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Jasho linamtiririka katika baridi ile. Mkono mmoja umekamata sweta pale kifuani, juu ya yule mnyama, umelikunja kabisa. Mdomo wazi, anatafuta hewa haipati. Macho yetu yakakutana. Hakunigombeza. Aliushusha ule mkono haraka, kisha akaweka kidole midomoni. Nyamaza.

Mama alikuwa hatua tatu nyuma yake na alichokuwa anaona ni mgongo tu.

Jamani, wiki ile niliishi vibaya. Nikisema, baba hatabeba robota, kazi imekwenda, na mimi ndiye nitakuwa nimeimaliza. Nikinyamaza, je, akianguka? Kila alfajiri nilikimbia nyuma ya mgongo ule nikiwa na hofu, na kila bibi aliyetokea na jembe nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Sasa nilikuwa najua salamu zile zilikuwa za nini.

Jumatatu baba aliondoka mapema na raba zake zimefungwa vizuri. Mama alikuwa anakoroga uji. Nikashindwa.

"Mama, baba anaumwa kifua."

"Anachoka," akasema, bila kuacha kukoroga. "Nakimbia nyuma yake mwezi mzima. Unadhani sisikii anavyopumua?"

"Humwoni uso. Mimi nilimwona, ile siku niliyompita." Nikamweleza midomo, jasho, mkono, na kidole.

Mwiko ukasimama kwenye sufuria. "Mficha maradhi," alianza, na hakumalizia methali. Akaipua uji, akajifunga kanga, tukatoka. Njia nzima ya Majengo tulikimbia, safari hii kweli kweli, na hakuna jirani aliyetutania.

Tulipofika ghalani, wanaume walikuwa kwenye foleni uwanjani. Kijana mmoja mwenye kalamu na karatasi alikuwa anaita majina. Mbele ya baba alikuwa amebaki mtu mmoja. Mama akafika getini, akasimama. Nilimvuta mkono, hakusogea. Angeingiaje kumwambia mumewe aache, mbele ya wanaume aliofanya nao kazi maisha yake yote? Alishika nondo za geti, machozi yanamtoka, akaniambia, "Mimi siwezi. Siwezi kumfanyia hivyo."

Jina la baba likaitwa. Wawili wakamtwisha robota begani. Akapiga hatua ya kwanza.

Sijui miguu yangu ilinipelekaje. Nilijikuta nimesimama mbele yake, katikati ya njia ya kwenda kwenye lori.

"Baba, naomba usibebe."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee, leo umekuja na msimamizi!" Baba alinitazama kutoka chini ya lile robota, na niliona hasira na aibu.

"Toka njiani," akasema polepole.

"Sitoki." Nilikuwa nalia sasa, kamasi na kila kitu. "Sitoki, baba. Nipige ukitaka."

Yule kijana akagonga kalamu kwenye karatasi. "Mzee, unabeba au hubebi?"

Baba alisimama pale muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko mwezi wote wa mazoezi. Kisha akainamisha bega, robota likaanguka chini, vumbi la tumbaku likatupalia.

"Sibebi," akasema. Akapita pembeni yangu, akatoka getini. Kijana akachora mstari kwenye jina lake.

Tulirudi nyumbani kwa mstari wetu, baba mbele. Hospitali walimwambia moyo umepanuka, na kwamba mzigo mwingine mmoja ungetosha kumuua. Atembee asubuhi, basi, tena taratibu. Niliposikia nilidhani atanishukuru. Ng'o! Agosti nzima hakusema nami neno. Akitaka maji alimtuma mdogo wangu. Nikimsalimia, aliitikia akitazama ukuta. Iliniuma kuliko fimbo yoyote, na kuna siku nilijuta, nasema kweli, nilijuta kwamba sikunyamaza.

Baridi ilikuwa inaelekea kuisha alipogonga mlango wa chumba chetu alfajiri moja. Alikuwa amevaa lile sweta jekundu.

"Inuka," aliniambia mimi. Mimi, siyo mdogo wangu.

Tulitoka wawili tu. Barabarani nikasimama pembeni ili atangulie, kama kawaida. Hakutangulia.

"Pita," akasema.

"Baba?"

"Pita mbele. Ila usikimbie."

Nikapita, nimeinama. Tukaanza kupanda kilima. Sikumwona tena, nilimsikia tu nyuma yangu, na kila hatua nilikuwa natega sikio kama mama alivyokuwa anatega. Katikati ya kilima pumzi yake ikaanza kukatika. Nikatazama mbele, na kwenye ukungu nikamwona bibi anashuka na jembe lake begani.

Nikasimama.

"Shikamoo bibi," nikasema. "Habari za nyumbani? Za shamba je? Na wale mbuzi, hawajambo?"