Mwanajeshi Aliyetafuta wa Kumkatalia

Vitongoji, kisiwani Pemba, hapana mtu asiyemjua Pandu Vuai, ila ukiuliza anafanya kazi gani, watu wawili watakupa majibu matatu. Wapo wanaosema ni mwanajeshi, kwa sababu hawajamzoea vingine. Wapo wanaosema kafungua benki, na baadhi yao walikwenda ofisini kwake Chake Chake na vitambulisho mkononi wakitaka kuweka akiba, akawarudisha kwa heshima. Ukweli ni kwamba yeye ni afisa wa benki ya uwekezaji yenye makao yake Dar es Salaam, na ofisi yake haina dirisha la kupokea wala la kutoa. Anatafuta wenye mtaji, anatafuta wenye shughuli, halafu anawakalisha pamoja mpaka waridhiane kuchanga na kugawana, iwe faida au hasara. Wasiporidhiana, yeye hana kazi.

Alizaliwa hapo hapo. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na shangazi yake, Bi Time, mwanamke wa maneno machache, mmoja wa wale walioanza kulima mwani tangu siku za mwanzo kabisa. Pandu alipomaliza shule akapata nafasi jeshini. Alimkuta shangazi yake uani anaanua mwani, akamwuliza kama aende.

"Haya, mwanangu, nenda," alisema Bi Time, akaendelea kuanua.

Akaenda, na jeshi likamkaa vizuri. Alipita Morogoro, Tabora, kisha Darfur kulinda amani, na karibu muda wote alikuwa mtu wa stoo. Gunia likiandikwa ni la mchele, Pandu hakuridhika mpaka alifungue auone mchele wenyewe. Jioni wenzake wakicheza karata, yeye alijisomea uhasibu, kisha akachukua shahada ya fedha, nao wakamtania kwamba anasomea ubwana. Alistaafu akiwa sajinitaji, bado ana nguvu zake na meno yake yote.

Benki ilimchukua kwa majaribio, na mkuu wake, Suhaila, akampeleka bara kukagua kinu cha mpunga ambacho kila ripoti ilikisifu. Pandu aliomba kiwashwe. Hakikuwaka. Aliporudi akakuta barua ya ajira inamngoja, na kwa miaka kadhaa akawa ndiye anayetumwa kila penye mashine ya kutiliwa shaka. Benki ilipotaka kujaribu ofisi ndogo Pemba, aliomba mwenyewe aje. Yeye na mkewe, Shamima, wakajenga Gombani, na kila Ijumaa baada ya sala alikwenda kumwona shangazi yake.

Dili lake la kwanza lilikuwa kiwanda kidogo cha kusaga mwani pale Vitongoji. Wawekezaji watajenga na kuleta mashine. Wanawake wanaolima mwani wataleta mavuno yao, watatoa eneo lao la ufukweni, na watakuwa na hisa. Masharti yake hayakuwa na riba hata chembe, na shehe alishayapitia. Suhaila alimweleza mapema bila kuzunguka kwamba dili hilo lisipofungwa, ofisi ya Pemba itafungwa yenyewe, naye atarudi Dar. Pandu hakutaka kurudi Dar. Shangazi yake alikuwa anazeeka, na alihisi amekaa mbali naye vya kutosha.

Basi akaitisha mkutano. Akasimama wima, mikono nyuma, akaeleza jambo kwa mpangilio kama alivyozoea. Akawaonesha mchoro: kiwanda, uwanja wa kuanikia, uzio kuzunguka, geti, na kibanda cha mlinzi.

"Kuna swali?"

Kimya.

"Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana," wakaitikia wanawake.

Akataja siku ya kutia saini, Jumamosi, saa tatu asubuhi. Wakasema sawa, baba. Akarudi ofisini akaandika Dar kwamba wote wamekubali, hakuna aliyepinga. Hapa ndipo mtu anapotamani kumshika Pandu masikio. Mtu aliyefungua kila gunia la jeshi, hili la kwao hakulifungua.

Jumamosi ikafika. Viti vimepangwa, biskuti na maji ya chupa yapo mezani, wawekezaji wameshatua na wako njiani kutoka uwanja wa ndege. Ukumbini yupo Pandu, na Sheha Othman, mkuu wa shehia. Wanawake hakuna hata mmoja.

Sheha akakohoa. "Leo bamvua, bwana Pandu. Maji yametoka. Wanawake wote wapo pwani."

Pandu alihisi uso wake unapata moto. Siku za bamvua bahari hukauka hadi mbali, na ndizo siku za kupanda mwani na kuuvuna. Hilo alilijua kabla hajajua kusoma, na jeshi likamsahaulisha.

"Siku ile natangaza tarehe, mlijua?"

"Nani asojua?"

"Mbona hamkunambia?"

Sheha akaziangalia biskuti.

Pandu akavua viatu, akakunja suruali, akashuka pwani. Alimkuta Bi Time maji ya magotini, anafunga mbegu kwenye kamba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kunja na hiyo mikono ya shati, itarowa."

"Shangazi, niliwauliza kama mmekubali, mkasema ndiyo."

"Sasa tungesemaje? Ulisimama kama ulokuja kutukagua. Mtoto wetu umekuja na jambo lako, tukukatae mbele za watu, tukutie haya?"

"Kwa hiyo hamtaki?"

"Waulize wenyewe. Mie sikutumwa," akasema, akainama tena kwenye kamba.

Pandu akampigia simu Suhaila akiwa bado ndani ya maji. Akamwambia kwamba alichoandika si kweli, watu hawajakubali, na kosa ni lake. Suhaila akampa mpaka mwisho wa mwezi. Wawekezaji wakala biskuti, wakaaga kwa adabu, wakapanda ndege kurudi.

Akangoja maji mafu, siku ambazo pwani hakuendeki na wanawake wako nyumbani wanatayarisha kamba. Akaenda uani kwa shangazi yake bila mchoro, akakaa jamvini pamoja nao, akachukua kamba na yeye. Vifundo vyake vilikuwa vibaya, wakamcheka. Akangoja wamalize kucheka.

"Jambo langu lina ubaya," akasema. "Nami siuoni. Nambieni."

Wakaangaliana. Ilichukua muda, na ilikuwa kazi ngumu kwake kukaa bila kujaza kile kimya. Mwisho Bi Rahma, ambaye hata salamu huitoa kwa sauti ya chini, akasema:

"Mie sitaki lile geti."

Pandu alitamani kusimama ampigie saluti. "Kwa nini, Bi Rahma?"

"Mvua ikija sasa hivi, mie naanua wangu na wa jirani, hata kama mwenyewe hayupo. Ukitia geti na mlinzi, nimuombe ruhusa nani, na mwani unarowa?"

Baada ya hapo ilikuwa kama bomba limepasuka. Mmoja hakutaka uzio. Mwingine alitaka kila mtu aendelee kuanika kwake, kiwanda kichukue mkavu. Mwingine alitaka mizani iwe wazi, kila mtu aione. Pandu alijibu aliyoweza, mengine akayaandika. Wiki hiyo mchoro ukabadilishwa, uzio na geti vikatoka, wawekezaji wakafurahi kwa kuwa gharama imepungua. Wakatia saini uani pale pale, siku waliyoichagua wanawake.

Akabaki Bi Time.

"Na weye, shangazi?"

Bi Time akakaza fundo, akalivuta kulijaribu. "Mie sitaki. Umri wangu huu si wa kuingia kwenye shirika. Ntalima wangu, ntauza wangu."

"Sawa, shangazi," akasema Pandu, na aliridhika kweli. Saini zilitosha, na ofisi ilikuwa salama. Akaanza kukusanya karatasi zake.

"Na siku ile ulokuja kuniuliza wende jeshini," akasema Bi Time, macho yake yapo kwenye kamba, "sikutaka vilevile."

Pandu aliziweka karatasi chini. Miaka yote ile, kambi kwa kambi, alikuwa na hakika kwamba aliondoka kwa furaha ya shangazi yake. Ilimuuma, na hakuona wa kumlaumu.

"Ulisema haya, nenda."

"Radhi nlikupa. Kutaka ndo sikutaka."

"Si ungenambia, shangazi."

"Nnakwambia sasa," alisema Bi Time, akamsogezea ncha ya kamba. "Shika hapo, uvute."

Pandu akakaa, akavuta.