Wakili wa Kuuzia Nyumba ya Jadida

Baba alipotimiza mwaka tangu kufariki, mama aliniambia anataka kuuza nyumba yetu ya Jadida akahamie Kiuyu, karibu na dada yake. Nyumba ilikuwa na vyumba sita, naye alikuwa akikaa kimoja tu, redio ikimzungumzisha. Mdogo wangu aliyeko Unguja aliridhia kwa simu. Mnunuzi naye alipatikana upesi, mwalimu wa skuli mwenye watoto wengi. Kilichobaki ni wakili wa kutuandikia mauziano.

Wa kwanza tulipelekwa na mwalimu mwenyewe. Alikuwa kijana mchangamfu, ofisi yake ina kipoza hewa. Aliitazama hati, akaona bado ina jina la babu, mzaa baba.

"Hilo dogo," alisema. "Mama, wewe na watoto wako wawili mtatia saini, mambo yamekwisha. Wiki mbili."

Mie nilifurahi. Mama alimshukuru, lakini tulipotoka nje akasema, "Hajaniuliza hata neno moja. Tutafute mwingine."

Jirani akatuelekeza kwa wakili mwanamke, mtu mzima, aliyepanga juu ya duka la vitambaa. Mama ana magoti mabovu, na ngazi zilikuwa kali. Nilipanda peke yangu kuomba radhi kwamba atachelewa kufika. Yule wakili alichukua miwani na daftari lake, akashuka. Wakakaa na mama kwenye benchi la muuza duka, kati ya majora ya kanga, na hati mapajani.

"Bi mkubwa, huyu mwenye jina hapa alizaa watoto wangapi?"

"Wawili. Marehemu mume wangu na dada yake."

"Huyo dada yu hai?"

"Yupo kisiwani Fundo."

"Mirathi ya baba yao iligawiwa?"

"Sijapata kusikia."

Wakili alivua miwani. "Basi na yeye ana fungu lake humu. Siwezi kuuza nyumba ya mtu na mwenyewe hajui. Nenda kamwone kwanza. Akikubali, nitakuandikieni kila kitu, tukianzia mahakama ya kadhi."

Njiani nilimwambia mama turudi kwa yule kijana. Sioni fahari kuyaandika haya, lakini nilisema. Shangazi alikuwa hajaitaja nyumba ile miaka yote, na mwalimu alikwisha anza kulalamika. Mama alisimama, mkono juu ya bega langu.

"Baba yako alikuwa mtu mwema," alisema. "Sitaki aulizwe jambo hili huko aliko."

Tulivuka kwenda Fundo siku ya pili yake kwa boti ya mashine, mama amefumba macho safari nzima. Shangazi alitupokea kwa pweza na muhogo, wala hakukubali tuseme shida yetu mpaka tumekula. Kisha mama akamweleza, polepole, bila ya kumtetea baba.

Shangazi alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua.

"Kila Ramadhani kaka yangu alikuwa akiniletea gunia la mchele," alisema. "Akilitua hapo, anakaa, anataka kusema kitu, halafu anauliza habari za mbuzi. Mie nilijua. Alikuwa akiona haya."

"Mbona hukumwambia, wifi yangu?"

"Ningemwambia, asingekuja tena."

Mama alilia. Sikuwa nimemwona akilia mbele ya watu hata siku ya mazishi. Alimwomba shangazi amsamehe marehemu, na mie nikadhani atajibu kwamba hataki kitu, kama wazee wetu wanavyopenda kusema. Hakusema hivyo.

"Nimekwisha msamehe zamani. Lakini fungu langu nitalichukua, tena lote. Nikiliacha, nitakuwa nimemwacha yeye na mzigo."

Mambo yalikwenda miezi mitano badala ya wiki mbili. Mwalimu alinuna, akatishia kutafuta kwengine, mwisho akangoja. Aliniambia mwenyewe kwamba ni afadhali yamejulikana kabla hajahamisha watoto. Siku ya kutia saini, mbele ya sheha wa mtaa, wakili alisoma kila mstari mara mbili, akimtazama shangazi usoni kabla ya kuendelea. Shangazi aliweka dole gumba, akaomba kitambaa cha kujifutia wino.

Kabla ya kurudi kwake alitaka kuiona nyumba. Aliingia chumba cha uani, akasema hapo ndipo alipozaliwa, na kaka yake alikaa mlangoni kutwa akisubiri aitwe amwone mtoto. Mama hakuwa akiijua habari hiyo. Wakakaa sakafuni, wifi wawili, kwenye chumba kitupu, mama akitaka asimuliwe tena. Mie nilikwenda jikoni kuchemsha chai.