Cachet ya chama iko kwa kabati yangu

Wandugu, ule prezida alinifukuza kwa chama yetu ya mahoteli leo amekuja kunibembeleza kwa mulango yangu!

Wiki jana, mbele ya wenye mahoteli wote: "Mama Solange, vyumba tatu si hoteli. Toka."

Nikatoka.

Bon, akasahau kwamba sekretere nilikuwa mi, na cachet, ule muhuri ya chama, iko kwa kabati yangu.

Leo mukubwa wa utalii amefika toka Kigali kuchukua barua yetu ya kuomba serikali itangaze Gisenyi iko salama, wageni warudi. Barua bila cachet hapokei!

Prezida jasho tupu: "Mama, nisaidie."

"Andika kwanza loji yangu kwa liste ya mahoteli, hapo chini ya barua."

Akaandika.

Nikapiga cachet pole pole, juu ya jina ya hoteli yake. Hiyo jina haisomeki hata kidogo.

Mi nimekosea?