Kiberiti Nilichompa Bi Tatu

Chekeni tu, siku hizi hata mie mwenyewe nacheka, lakini miaka ile ningekupita njiani nimejifunika kanga mpaka puani, kwa sababu Temeke nzima ilikuwa inajua kwamba mie ndiye yule mwanamke aliyepeleka choo cha mbwa dispensari akasema ni cha mwanawe. Haya, nimeshaitaja, imetoka. Sasa kaeni niwaeleze ilikuwaje, maana wote waliosimulia kabla yangu wamenipunja, wanasimulia mbwa tu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, Temeke yenyewe bado mikorosho mingi kuliko nyumba. Mwanangu Zuhura, kifungua mimba wangu, alikuwa na miaka mitano na alikuwa anakula udongo. Ukimfukuza ukutani anahamia kwenye kichuguu. Ukimfunua jicho, ndani kweupe, na akitoka mlangoni kwenda kisimani lazima akae chini mara mbili apumzike, mtoto wa miaka mitano! Mwaka uliotangulia mtoto wa jirani alianza hivyohivyo, akavimba miguu, tukamzika. Kwa hiyo nilikuwa naogopa, sifichi, usiku nilikuwa namwekea mkono kifuani nione kama kinapanda.

Ndipo akaja dresa mpya pale dispensari, msaidizi wa daktari, Bwana Yohana, kijana wa bara, kaptula yake imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia nyanya. Akatuambia hiyo ni safura, ni minyoo inayonyonya damu, na dawa anayo, ila kwanza lazima atazame choo cha kila mtoto kwenye darubini yake. Kila mama alete kidogo ndani ya kiberiti kitupu, juu kiandikwe jina. Tukamwitikia wote "Ndiyo, Bwana Dresa," na hakuna hata mmoja aliyepeleka. Nyie mnajua kwa nini. Ukucha, nywele, choo, vitu hivyo mtu hapewi, ndivyo anavyovitafuta mwenye nia mbaya, na huyu anataka na jina juu, asije akakosea wa kumroga!

Dresa akaona hapa bila mwenyeji hafiki. Akaenda kwa Bi Tatu, mganga wetu wa mitishamba na mkunga, ambaye nusu ya watoto wa mtaa ule walipita mikononi mwake. Wakakubaliana kwamba Bi Tatu atakusanya viberiti kwa kuwa watu wanamwamini, Dresa atapima na kutoa dawa ya minyoo, halafu mtoto akishatoa minyoo atarudi kwa Bi Tatu anyweshwe maji ya matembele na choya, yale maua mekundu machachu, mpaka damu irudi. Mtaa ukafurahi, kila mtu na kiberiti chake. Mie nikanuna.

Nilinuna kwa sababu Bi Tatu alikuwa shangazi yake Mwajuma, na Mwajuma alikuwa mke mwenzangu, ameingia miezi sita iliyopita, yuko chumba cha pili anapika huku anaimba (mtu anaimba nini akipika ugali, kama hana lake jambo?). Kabla ya Mwajuma kuolewa, Bi Tatu alikuwa Bi Tatu tu. Baada ya hapo akinisalimia naangalia macho yake yanaenda wapi, akimshika Zuhura kichwa namfuta Zuhura kichwa.

Akaja siku ya tatu mfululizo na kikapu chake cha ukindu.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata kiberiti cha Zuhura."

"Hajaenda choo, Bi Tatu."

"Leo siku ya tatu hajaenda?"

"Tumbo limefunga."

Akanitazama, akamtazama Zuhura anayelamba ukuta, akasema basi atapita kesho. Mie nikasema moyoni, mbona ana haraka hivyo?

Nikakaa nikapanga. Nikikataa kabisa, Dresa hatampa mwanangu dawa. Nikitoa cha mwanangu, nimemkabidhi kwa shangazi yake Mwajuma. Nikitoa cha mtoto wa mtu mwingine, nitakuwa na dhambi. Cha kuku rangi haifanani, cha mbuzi ni vidonge, hata kipofu angejua. Sasa mlinzi wa ghala la mbata alikuwa na mbwa wake, na mbwa yule kila asubuhi alikuja kujisaidia nyuma ya ua wangu, tena kwa wakati wake kama karani. Nikaona hii ni riziki. Nani atamroga mbwa? Nikachukua kwa jani la mgomba, nikafunga kiberiti, nikamwomba anayejua kuandika aniandikie Zuhura, halafu nikakosha mikono mara saba, moja kwa udongo, kama sheria ya dini inavyotaka. Bi Tatu alipokuja nikampa kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Akaniambia ahsante! Nikarudi ndani nacheka peke yangu kwa jinsi nilivyo mwerevu.

Siku ya majibu tulijaa uani pa dispensari. Dresa akasoma majina mmoja mmoja, huyu ana minyoo, huyu hana, huyu aje anywe dawa. Akamaliza daftari. Zuhura hakumsoma.

"Bwana Dresa, na wangu?"

Akakuna kichwa. "Cha Zuhura sijakielewa, mama. Nimekituma mjini kwa daktari mkubwa."

Mjini! Mtu mwenye akili hapo angejiuliza amempa nini dresa hata akashindwa kukielewa. Mie nilikuwa nimeshasahau kwamba ndani ya kile kiberiti hamna mwanangu. Naapa, nilisahau! Nikasikia tu jina la Zuhura limepelekwa mjini kwa Mzungu, na nyie mnakumbuka habari za mumiani wanaonyonya watu damu, nani hakuzisikia? Kesho yake asubuhi nilikuwa nauza vitumbua mlangoni, na kila aliyenunua kitumbua nilimpa na habari juu yake: viberiti vinapelekwa mjini, Bi Tatu anajua, haya mazungumzo yao na Dresa mmeyaona wapi, mganga na hospitali vimekula sahani moja tangu lini? Mpaka jua linapanda vitumbua vimekwisha na mtaa umechafuka.

Wanawake kama ishirini wakafunga kanga viunoni, mie mbele na Zuhura mgongoni, tukaenda mpaka uani pa dispensari, ambapo Bi Tatu alikuwa amekaa anawanywesha watoto choya. Tukapiga kelele, "Turudishieni mavi yetu!" Ndiyo, kwa maneno hayohayo, watu wazima na heshima zetu. Wengine wakawavuta watoto wao kabla hawajamaliza kunywa. Dresa anatuliza huku, Bi Tatu anakinga jungu lake kule, vikombe vinamwagika, na hapohapo gari la serikali likasimama.

Akashuka daktari wa Kizungu, mrefu, ana karatasi mkononi. Akasema na Dresa, Dresa uso ukabadilika. Kisha akauliza kwa sauti, "Mama yake Zuhura ni nani?"

Wote ishirini wakanigeukia.

"Daktari anauliza, mtoto wako analala na mbwa?"

"Mbwa?"

"Anauliza tena, au anakula naye chombo kimoja? Kwa sababu mayai ya minyoo yaliyo kwenye kiberiti chake ni ya mbwa. Anasema hajawahi kuona mtoto wa hivi."

Nikasikia nyuma yangu mtu anasema, "Astaghfirullah, na vitumbua anakorogea mkono gani?" Mwingine akatema mate, nikamwona mwingine anajishika tumbo. Mie bado nimekaza, nikasema sijui, labda mbwa alipita, labda upepo (upepo!). Lakini yule daktari akainama, akambeba Zuhura niliyekuwa nimemkalisha chini, akaanza kwenda naye kwenye gari. Dresa akasema anapelekwa hospitali kubwa akaangaliwe vizuri. Zuhura akanyoosha mikono kwangu analia, kasauti kenyewe hakatoki, hana nguvu ya kulia. Hapo nikavunjika.

"Si chake!" nikapiga ukelele. "Si cha mwanangu! Ni cha mbwa, nimekiokota mie, cha mbwa wa ghala la mbata!"

Dresa akamtafsiria daktari polepole. Daktari akamshusha Zuhura, akauliza neno moja, na Dresa akaniuliza, "Kwa nini, mama?" Macho yalikwenda yenyewe kwa Bi Tatu, na kila mtu akaelewa, na Mwajuma, aliyekuwa barazani akimsaidia shangazi yake, akaelewa kuliko wote. Ndipo kicheko kikalipuka. Hata msiokuwepo mmesimuliwa hicho kicheko. Wale niliowaleta mwenyewe ndio waliocheka zaidi.

Bi Tatu hakucheka. Alisimama na kikombe chake mkononi, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mama Zuhura, huyu mtoto nimempokea mie. Kondo lake nimelizika mie. Kitovu chake kilipodondoka ulinipa mkononi, ukaniambia nenda kafukie unapojua, wala hukunifuata. Miaka mitano ninacho. Ningetaka kumdhuru, ningengoja kiberiti?"

Jamani. Kila kitu cha mwanangu nilishampa mwanamke yule, kwa hiari yangu, tena kwa kumwomba, halafu nikaja kumwogopa kwa sababu mpwa wake anaimba akipika. Nililia pale pale, mbele ya Mzungu.

Kesho yake nilipita njia kuu mchana kweupe na kiberiti cha kweli mkononi, vijana wanabweka nikipita. Dresa alipotazama aliniambia mtoto amejaa safura, na tungechelewa zaidi angekufa. Akampa dawa ile chungu, na haluli ya kuharisha, na Mwajuma ndiye aliyeshika beseni, mie nikimshikilia Zuhura. Bi Tatu alikuja kila siku na maji yake ya matembele na choya. Mwezi wa pili tangu apewe dawa Zuhura alimfukuza kuku wa jirani mpaka barabarani, nikakaa chini nikashukuru.

Siku moja nikajikaza nikamwuliza Bi Tatu, kile kitovu alikifukia wapi. Akanionyesha kwa kidole cha mguu, pembeni ya mlango wangu, palepale ninapoweka kibao changu kila asubuhi kupika vitumbua. Nilikuwa nimekaa juu yake siku zote, hata ile asubuhi niliyogawa maneno ya kumchafua Bi Tatu mtaa mzima.

Tangu hapo nikiombwa choo hospitali napeleka changu, na kama kuna foleni wala sifichi kiberiti. Kile kibao sijakihamisha mpaka leo, na nikianza kumshuku mtu huwa naenda kukaa pale kwanza.