Mate Yaliyojibu Swali la Baba Mkwe

Watu wangu, mimi nilipewa mke kwa sababu ya mate. Msicheke kabla hamjamaliza kusoma.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza pale Mamboleo. Ijumaa hiyo nilifundisha kitenzi "drool" kwa mbwembwe zote. Nikawaambia watoto ni kudondokwa na mate. Mtoto mchanga hudondokwa, mbwa pia. Mtu mzima yakimdondoka, ujue ametamani kitu hadi adabu imemtoroka.

Mtu kama mwalimu wenu? Haiwezekani.

Jumamosi nikaenda Ahero kujitambulisha kwa kina Adongo, mchumba wangu. Mjomba wangu Oluoch, msemaji wetu, alikuwa amenionya.

"Calvince, kwa wakwe hakuna kuonyesha njaa. Unaonja tu."

Mimi mtiifu nikajinyima hata chai ya asubuhi. Akili nyingi!

Maombi yakachukua dakika arobaini. Kisha wazee wakaanza kutajiana koo hadi babu wa babu. Muda wote huo samaki mzima aina ya ngege alikuwa mezani mbele yangu, amelala kwenye mchuzi mzito wa nyanya.

Baba yake Adongo, Mzee Gordon, mtu asiyecheka, akanigeukia.

"Kijana, umekuja kutafuta nini hapa kwangu?"

Swali hilo lina jibu lake la heshima. Nilikuwa nimelikariri wiki mbili. Nikafungua mdomo.

Yakatoka mate. Mengi, hadi kwenye tai.

"Haya," akasema shangazi yao Selpha, "tumeona kitu amekuja kutafuta."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Adongo akainamisha kichwa. Nilimpenda sana, na nilijua nimempoteza.

Mzee Gordon hakucheka. Alinitazama, akamtazama samaki, akanitazama tena.

"Mpatieni sahani kubwa. Na msichana ni wake."

Mjomba Oluoch nusura azimie. Hata hatujaposa!

Baada ya harusi ndipo Adongo aliponipa siri.

"Ulidhani ni Mama alipika hiyo samaki? Baba alikuwa mpishi wa hoteli Kisumu miaka thelathini. Sasa anapikia wageni na anafunga mlango ya jikoni, wazee wenzake wasimcheke. Watu wakishakula, wanashukuru Mama."

Funzo ni hili: sifa tamu kila mgeni huja nazo mfukoni. Mzee alizisikia miaka yote zikienda kwa mwingine, akanyamaza. Siku alipoona sifa isiyoweza kuigizwa, alitoa binti.

Kwa hiyo ukila ukashiba, uliza nani amepika.