Taji Lililolika

Penye nia pana njia, husema watu. Nendeni mkamwambie hayo Kahindi wa mtaa wa Tudor, jirani yangu, mstaafu wa reli, mtu asiyejua kukata tamaa hata pale inapompasa.

Mamake, Bi Mbeyu, ana miaka tisini na ushei. Babu yake bibi huyu, Ngala, alichukuliwa na Waingereza kutunza farasi wa jeshi katika vita vya kwanza. Hakurudi. Kilichorudi ni beji ya shaba ya askari wa farasi, imeletwa na mwenzake. Sasa kuna kamati inayojenga ukuta wa majina ya waliofia vitani, na Bi Mbeyu ana ombi moja tu kabla hajafumba macho: jina la Ngala liandikwe. Kamati nayo inataka ijulikane beji ni ya kikosi gani na ya miaka ipi, maana beji za kuuziwa watalii zimejaa mjini. Kamati zetu hizi! Mtu kafa, wao wataka kithibitisho.

Tukampeleka bibi mtaa wa Kuze, kwa Ruweida, ambaye huuza vitu vya kale na anazijua beji za majeshi. Nilikuwapo, na natamani nisingekuwapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie mtu wangu," akasema bibi, akimpa beji.

Ruweida aliisogeza beji dirishani, akaichungulia kwa lenzi. Farasi alionekana kwa shida. Juu yake palikuwa na taji, na chini utepe wa jina la kikosi.

"Taji la enzi ya wafalme huwa limevimba juu," akaeleza. "La malkia, la baada ya vita vyote viwili, limebonyea katikati. Hapo ndipo twajua miaka. Lakini hili limelika, mama, na utepe hauna hata herufi moja. Mwaisugulia nini?"

Bi Mbeyu akachangamka, kwani hilo alilijua. "Ndimu na majivu, kila Pasaka. Alianza bibi yangu, akaniachia mimi. Alisema Ngala akirudi asikute kitu chake kimechakaa."

Ruweida akaigeuza. Nyuma, vishikizo vya zamani, ambavyo navyo vingeonyesha umri wake, vilikuwa vimekatwa na mahali pake kutiwa pini, ili Bi Mbeyu aivae kanisani.

"Siwezi kuandika mwaka, kaka," alimwambia Kahindi kwa sauti ya chini. "N'kiandika, n'takuwa n'mesema uongo."

Kahindi akamsihi aitazame tena, labda nje kwenye jua, labda kwa lenzi kubwa zaidi. Ruweida akatoka nayo juani, akarudi akitikisa kichwa. Nilimwonea huruma hata yeye.

Masikio ya Bi Mbeyu hayajazeeka. Aliichukua beji, akalipapasa taji kwa kidole gumba, taratibu.

"Kumbe ni sisi," alisema. "Bibi alinikabidhi mtu, Kahindi. Nami nimesugua hata nimebaki na shaba."

Tulimshika mikono, mmoja huku na mmoja huku, tukatoka.